Kwa nini tovuti za habari zinafunga sehemu ya maoni, na msomaji amebakiwa na haki gani?

Swali: Mwalimu mstaafu wa Morogoro ameniandikia hivi: «Kwa miaka mingi nimekuwa nikichangia chini ya habari za tovuti moja ya hapa nchini, na mara kadhaa nimewasahihisha waandishi waliokosea takwimu za elimu. Mwezi uliopita sehemu ya maoni iliondolewa bila taarifa, na michango yetu yote ikapotea nayo. Je, kuna sheria iliyowalazimisha, au wameamua tu kutuziba midomo kwa sababu tuliwakosoa? Na kama tatizo ni matusi, kwa nini wasimtake kila mtu aandike kwa jina lake halisi? Mwisho, je, ninaweza kuyapata tena maandishi yangu?»

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Nianze na swali la sheria, kwa kuwa ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Hakuna sheria ya Tanzania inayoiamuru tovuti ya habari ifunge sehemu ya maoni. Zipo, hata hivyo, sheria na kanuni zinazomfanya mwenye tovuti aogope kuiacha wazi, na kati ya kuamriwa na kuogopeshwa kuna tofauti ambayo ni lazima tuishike tangu mwanzo, la sivyo tutamlaumu asiyehusika. Kuhusu kuzibwa midomo, sikatai kwamba wako wahariri wasiopenda kusahihishwa hadharani. Ila mhariri wa namna hiyo ana njia rahisi zaidi, nayo ni kufuta maoni yanayomchoma na kuacha yanayomsifu. Anayefunga yote kwa mkupuo mara nyingi ameshindwa kuyasimamia, au ameogopa kuwajibishwa kwa maneno ambayo hakuyaandika yeye.

Wimbi lenyewe lilianzia mbali. Septemba 2013 jarida la Marekani la Popular Science lilitangaza kufunga maoni katika tovuti yake, na mhariri aliyeandika tangazo hilo, Suzanne LaBarre, aliegemea utafiti wa Dominique Brossard na Dietram Scheufele wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison. Katika utafiti huo watu 1,183 walipewa makala moja isiyoegemea upande wowote kuhusu matumizi ya chembe ndogo mno za madini ya fedha. Baadhi yao walikuta chini yake maoni ya kistaarabu, na wengine wakakuta maoni ya matusi. Makala ilikuwa ileile, lakini waliokutana na matusi waligawanyika zaidi katika kuipima hatari ya teknolojia hiyo. Hoja ya jarida ikawa kwamba wachache wenye lugha chafu wanaweza kuharibu uelewa wa habari ambayo mwandishi ameihakiki kwa uangalifu. Baada ya hapo walifuata wengi: Reuters mnamo Novemba 2014, ikiondoa maoni chini ya habari na kuyabakiza kwenye makala za uchambuzi, News24 ya Afrika Kusini mwaka 2015, Al Jazeera ya Kiingereza mwaka 2017, na The Atlantic mwaka 2018.

Mfano unaofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni wa NPR, shirika la redio ya umma la Marekani, kwa sababu lenyewe lilitoa hesabu zake hadharani lilipofunga maoni Agosti 2016. Mwezi Julai mwaka huo tovuti yake ilipata wageni karibu milioni 33, na maoni 491,000 yakaandikwa. Lakini yaliandikwa na watu 19,400 tu, yaani asilimia 0.06 ya wageni wote. Walipochunguza zaidi, walikuta kwamba watu 4,300 peke yao ndio walioandika asilimia 67 ya maoni ya Juni na Julai, kila mmoja wastani wa maoni 145. Gharama ya kampuni iliyokodiwa kuendesha mfumo huo ilipanda kadiri maoni yalivyoongezeka, na miezi mingine ilifika mara mbili ya bajeti. Jiweke katika nafasi ya mhasibu wa shirika hilo, Mwalimu, utaona kwamba uamuzi haukuhitaji chuki yoyote dhidi ya wasomaji.

Hesabu hizo hutumiwa siku hizi kama hoja kwamba sehemu ya maoni haikuwa na faida. Hapo mimi sikubaliani nazo. Zinahesabu wanaoandika na kuwasahau wanaosoma. Wasomaji wengi hushuka chini ya habari kutazama kama kuna mtu wa eneo lile, au mwenye taaluma ile, aliyeikanusha au kuikamilisha, kisha wakaondoka bila kuandika hata neno. Marekebisho yako ya takwimu za elimu yanahesabiwa kama mchango mmoja wa mtu mmoja, hata kama yamesomwa na maelfu.

Hata hivyo tuwe waadilifu kwa upande wa pili, maana kusimamia maoni ni kazi nzito. Mwaka 2016 gazeti la The Guardian la Uingereza lilichambua maoni milioni 70 yaliyoachwa kwenye tovuti yake na kukuta kwamba milioni 1.4 kati yake yalikuwa yamezuiwa na wasimamizi. Na katika waandishi 10 waliokuwa wakishambuliwa zaidi, 8 walikuwa wanawake na 2 walikuwa wanaume weusi, ilhali wengi wa waandishi wa gazeti hilo walikuwa wanaume weupe. Mwaka 2017 The New York Times ilikuwa na wasimamizi 14 waliopitia maoni kama 11,000 kwa siku, na bado iliweza kuruhusu maoni katika karibu asilimia 10 tu ya habari zake, mpaka ilipoanza kusaidiwa na programu ya kompyuta. Ikiwa gazeti tajiri kiasi hicho lilielemewa, sembuse tovuti ya watu watano iliyopanga vyumba viwili Kinondoni, ambamo mwandishi ndiye mpiga picha na pia ndiye anayetafuta matangazo?

Programu hizo za kuchuja nazo zina kasoro inayotuhusu sisi kuliko wao. Nyingi zilijengwa kwa Kiingereza kwanza, na Kiswahili, kama kilifikiriwa, kilikuja mwishoni. Tatizo halimalizwi na kutafsiri orodha ya matusi. Orodha itazuia neno «mbwa» hata chini ya habari ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na itampitisha anayeandika: «Hongera mheshimiwa kwa kunenepa, na shule yetu nayo imekonda vizuri.» Mzungumzaji wa lugha hii anaielewa sentensi hiyo palepale, lakini mashine inaiona kuwa ni pongezi. Watu waliokulia kwenye mafumbo, vijembe na mipasho hawahitaji tusi la wazi ili kumdhalilisha mtu, wala hawahitaji kumtaja jina. Kwa hiyo maoni ya Kiswahili yanadai msimamizi binadamu, anayejua lugha, siasa na utani wa makabila, na ambaye hachoki upesi. Kazi hii inachosha kweli. Walioifanya jijini Nairobi kwa niaba ya Facebook walianza kufika mahakamani tangu mwaka 2022 wakidai kwamba iliwaumiza nafsi.

Sasa nirudi kwenye uoga wa kuwajibishwa, ambao kwa nchi kama yetu nauona kuwa sababu kubwa kuliko gharama. Nchini Marekani kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 kinamkinga mwenye tovuti asihesabiwe kuwa ndiye msemaji wa yale yaliyoandikwa na wageni wake. NPR na wenzake, basi, walifunga kwa sababu za fedha na ustaarabu. Nje ya Marekani hali ni nyingine kabisa. Mwezi Januari 2006 tovuti ya Delfi ya Estonia iliandika habari kuhusu kampuni ya vivuko iliyodaiwa kuharibu njia za barafu ambazo watu walizitumia kuvuka kwa magari kwenda visiwani wakati wa baridi. Yalifuata maoni 185, na takriban 20 yalikuwa vitisho na matusi dhidi ya mwenye hisa mkuu wa kampuni hiyo. Wiki 6 baadaye mawakili wake walidai yaondolewe, na Delfi iliyaondoa siku ileile. Haikuisaidia. Mahakama za Estonia ziliiona kuwa inawajibika kwa sababu haikuyaondoa mapema bila kusubiri kuambiwa, na tarehe 16 Juni 2015 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ikiwa imekaa kama Baraza Kuu, ilisema hukumu hiyo haikuvunja uhuru wa kujieleza. Fidia ilikuwa euro 320 tu, kiasi kisichomfilisi mtu, lakini wahariri wa Ulaya nzima waliuelewa ujumbe. Miezi michache baadaye, Februari 2016, mahakama hiyohiyo iliamua kinyume chake katika shauri la Hungary ambamo maoni yalikuwa makali bila kuwa na uchochezi wa chuki. Mstari kati ya mashauri hayo mawili upo, ila mhariri anayefanya kazi saa tano usiku hana muda wa kuupima.

Malaysia ilikwenda mbali zaidi. Februari 2021 Mahakama ya Shirikisho iliitoza tovuti ya Malaysiakini faini ya ringgit 500,000 kwa kuidharau mahakama, kutokana na maoni 5 ya wasomaji ambayo tovuti iliyaondoa mara baada ya polisi kuwasiliana nayo. Wasomaji wakachanga fedha zote hizo kwa saa chache. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Australia iliamua, katika shauri la Dylan Voller, kwamba vyombo vya habari vinahesabiwa kuwa wachapishaji wa maoni ya watu wengine kwenye kurasa zao za Facebook, na CNN ikazuia watu walioko Australia wasifungue ukurasa wake huko. Shauri hili la Australia ndilo ninalowakumbusha wahariri wanaodhani kwamba wakifunga maoni kwenye tovuti na kuwaambia watu «tukutane Facebook» watakuwa wameuhamishia mzigo kwa mwingine. Huko Australia mzigo uliwafuata hukohuko.

Kwetu, kanuni za maudhui mtandaoni zilizotolewa Machi 2018 chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ziliwataka wenye blogu, majukwaa na tovuti kupata leseni ambayo ada zake kwa jumla zilizidi shilingi milioni 2, kuweka njia ya kuchuja maudhui yaliyokatazwa, na kuyaondoa ndani ya saa 12 baada ya kutaarifiwa. Adhabu ya kukiuka ilianzia shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa kubwa kuliko yote ya mijadala kwa Kiswahili, lilisimama kwa muda kwa sababu ya matakwa hayo. Kanuni za 2020 zilichukua nafasi ya zile, lakini kiini kilibaki kuwa mwenye jukwaa hujibu kwa kilichoandikwa jukwaani. Ukiyajua haya, usiupime uamuzi wa mhariri wa Dar es Salaam kwa sababu za mhariri wa Washington, ingawa matokeo kwenye skrini yako yanafanana.

Pendekezo lako la majina halisi linatolewa na watu wengi wenye nia njema, nami ningelipinga kwa nguvu. Korea Kusini ililijaribu kwa sheria. Kuanzia mwaka 2007 tovuti kubwa zililazimika kuthibitisha utambulisho wa kila anayeandika. Mwaka 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 wa kampuni moja ya nchi hiyo, kwa sababu ukizikusanya taarifa za watu mahali pamoja umekwishawaandalia wezi ghala. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ilifuta sharti hilo, ikieleza kwamba maandishi haramu hayakupungua kwa kiwango cha maana na kwamba watumiaji walikuwa wakihamia tovuti za nje. Matusi yaliendelea hata kabla na baada ya hapo, kiasi kwamba mwaka 2019, baada ya kifo cha mwimbaji Sulli, jukwaa la Daum lilifunga maoni kwenye habari za burudani, na Naver ikafuata Machi 2020. Huo ni ufungaji wa aina ya tatu, usiotokana na gharama wala sheria, bali na kumhurumia anayesemwa, na sidhani kama kuna mtu mwenye haki ya kuulalamikia.

Kwetu hoja dhidi ya majina halisi ina uzito zaidi. Desemba 2016 mwanzilishi wa JamiiForums, Maxence Melo, alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa kuzuia uchunguzi wa polisi, waliotaka taarifa za wachangiaji. Aprili 2020 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimtia hatiani katika mojawapo ya mashauri hayo na kumtoza faini ya shilingi milioni 3. Wewe umestaafu, unaweza kuandika kwa jina lako kwamba madarasa ya shule fulani yana wanafunzi 120. Mwalimu aliye kazini katika shule hiyo hawezi, na ndiye anayeijua hesabu kuliko sisi sote. Ukidai majina, utabaki na wastaafu, wanasiasa na wenye ujasiri usio wa kawaida. Mtukanaji yeye atafungua akaunti kwa kitambulisho cha mwingine.

Zipo njia zilizoonyesha matunda bila kudai jina. Mwaka 2017 NRKbeta, tovuti ya teknolojia ya shirika la utangazaji la Norway, ilianza kumtaka msomaji ajibu maswali machache kuhusu habari yenyewe kabla ya kuruhusiwa kuandika, ili walau iwe wazi kwamba ameisoma. Natalie Stroud na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas walionyesha kwamba mwandishi wa habari akiingia mwenyewe kwenye mjadala na kuwajibu watu, lugha chafu hupungua. Nami naamini kwamba tovuti ndogo ikifungua maoni kwenye habari 3 kwa wiki, kwa saa za kazi, mwandishi akiwepo, itafanya vizuri kuliko inayoyafungua kwenye habari zote bila msimamizi. The Atlantic, kwa upande wake, ilirudi kwenye barua kwa mhariri zinazochaguliwa na kuchapishwa. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua njia hiyo tangu Mambo Leo, gazeti lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, ambamo watu wa bara na pwani walijibizana kwa barua na kwa mashairi. Barua ilichelewa, mhariri aliikata, na aliyekataliwa hakuwa na pa kulalamika; lakini msomaji aliyekuwa na marekebisho alijua ni wapi ayapeleke.

Hapo ndipo lilipo lalamiko lako la haki, Mwalimu, na ningependa ulielekeze hapo badala ya kulielekeza kwenye uhuru wa kujieleza. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inakupa uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, lakini mwenye tovuti binafsi halazimiki kukupa ukurasa wake. Kufunga maoni ni hiari yake. Kufunga maoni na papo hapo kukosa anwani ya kupokea marekebisho, wala utaratibu wa kuyachapisha, ni kukiuka wajibu wa msingi wa uandishi wa habari, nao hautegemei kuwepo kwa sehemu ya maoni. Kosa likibaki kwenye habari baada ya wewe kuliandikia rasmi kwa ushahidi, unaweza kulipeleka Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1995 na ambalo hushughulikia malalamiko ya maadili.

Limebaki swali la maandishi yako. Tovuti haina wajibu wa kuyaonyesha milele, na aliyefunga bila taarifa amewakosea adabu hata kama hakuvunja sheria. IMDb, tovuti ya taarifa za filamu, ilipofunga mabaraza yake ya mijadala Februari 2017 iliwapa watu takriban wiki 2, na wenye bidii wakayanakili mengi. Kuondolewa kwenye ukurasa, hata hivyo, hakumaanishi kufutwa kwenye hifadhi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kufikia taarifa zako zilizoko mikononi mwa taasisi, na kwa maoni yangu michango iliyofungwa na akaunti yako, yenye jina na barua pepe yako, inaingia humo. Andika barua kwa mhariri mkuu, taja jina ulilotumia, barua pepe uliyojisajilia na miaka ya michango yako, uombe nakala, kisha uitaje sheria hiyo kwa jina. Wakikaa kimya, lalamiko linakwenda kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kabla ya kufika huko, angalia kama maoni yaliendeshwa na kampuni ya nje. Kama ilikuwa Disqus, ingia kwenye akaunti yako ya Disqus utazame historia yako, kwa kuwa hiyo haitegemei ukurasa wa habari. Kama uliingia kwa Facebook, kumbukumbu ya shughuli kwenye akaunti yako inaweza kuwa nayo. Tafuta pia kwenye barua pepe zako za zamani, kwa sababu mifumo mingi ilituma nakala kila mtu alipokujibu. Hifadhi ya Internet Archive, inayotunza nakala za kurasa za zamani za mtandao, ijaribu mwishoni, ila usiitegemee sana: mara nyingi ilihifadhi habari bila maoni yake, kwa vile maoni yalikuwa yakipakiwa kando baada ya ukurasa kufunguka. Na katika barua hiyohiyo ya kuomba nakala, ongeza aya moja ukiuliza ni nani katika chumba cha habari anayepokea marekebisho tangu sasa, na ni kwa anwani ipi.